Sufu, Matambara na Miguu ya Waendesha Baiskeli wa Bradford

Taiti aliyoniletea mzee mmoja ilikuwa ya sufu tupu, nyeusi, nzito kuliko inavyoonekana. Ilishikiliwa na mikanda miwili ya kupita mabegani. Chini ya kila mguu palikuwa na utepe wa kupitisha unyayoni ili isipande, na sehemu ya kukalia ilishonewa kipande cha ngozi laini ya mnyama, kilichokauka hadi kukakamaa. Goti la kulia lilikuwa limetoboka. Nilipoigeuza ndani nje nikaona kwamba goti hilohilo limewahi kuzibwa mara mbili zamani, na waliolishona ni watu wawili: mmoja alipitisha uzi juu na chini kwa subira, kama anayesuka ukili, mwingine alivuta na kukunja ili mradi yaishe.

“Utaweza, binti?” akaniuliza.

“Nitaweza, mzee wangu. Ila uzi wa aina hii itabidi niutafute.”

“Utafute. Hiyo imenivusha majira mengi ya baridi.”

Mimi ni fundi cherehani. Kazi nilijifunza Njombe, mji ambao ikifika Juni na Julai watu hutoka asubuhi na makoti mazito, na sasa naifanya Bradford, kaskazini mwa Uingereza. Napunguza mapindo ya suruali, nabadilisha zipu, na kuanzia Oktoba mpaka Machi narekebisha nguo za waendesha baiskeli, kwa sababu nami ni mmoja wao. Naenda kazini kwa baiskeli nikipita Saltaire, katika bonde la mto Aire, kando ya mfereji. Kwa hiyo taiti naijua kwa pande zote mbili, ya mshonaji na ya mvaaji.

Nimeandika haya kwa ajili ya ndugu zetu wanaohamia nchi za baridi na kuamua, kwa sababu ya nauli au afya, kupanda baiskeli mwaka mzima. Wengi wao huingia dukani bila kujua wanachokinunua. Mmoja anatoa fedha nyingi kwa woga, mwingine anabeba ya bei ya chini kabisa na kuitupa baada ya mwezi. Bonde hili la mto Aire na miji jirani imewavisha waendesha baiskeli tangu baiskeli ilipokuwa kitu kipya, na karibu kila kilichomo katika taiti ya leo ya bei nafuu kina asili unayoweza kuifuata kwa miguu au kwa gurudumu kutoka hapa nilipo. Mtu akiijua asili hiyo, lebo ya bei haimtishi wala haimdanganyi.

Kwanza tuelewane kuhusu baridi yenyewe. Mtembea kwa miguu hukutana na upepo uliopo; mwendesha baiskeli huutengeneza wake. Ukienda kilomita 25 kwa saa asubuhi isiyo na upepo hata kidogo, umeshajipulizia upepo wa kilomita 25 kwa saa, na wa kwanza kuupokea ni mapaja na magoti. Paja lina msuli mkubwa unaofanya kazi, kwa hiyo hujipasha. Goti halina. Ni mfupa, kano na ngozi, na linapinda maelfu ya mara kwa saa moja. Ongeza maji yanayorushwa na gurudumu la mbele, utaelewa kwa nini wazee wa vilabu vya hapa hawakubali mtu atoke bila kufunika magoti hata siku ambayo jua linawaka.

Waendesha baiskeli wa kwanza walikabili shida hii kwa nguo za mabwana wa mashambani. Baiskeli ya gurudumu kubwa la mbele, iliyotamba miaka ya 1870, haikutaka suruali ndefu. Pindo lingenaswa na mpandaji angeanguka kutoka kimo cha mtu mzima. Wakavaa suruali za sufu zilizofungwa chini ya goti na soksi nene ndefu za kufuma kwa mkono. Mwaka 1878, huko Harrogate, mji usio mbali na Bradford, ilianzishwa klabu ya watalii wa baiskeli ambayo baadaye ilijulikana kama Cyclists' Touring Club. Klabu hiyo iliweka sare: koti na suruali ya magotini vya sufu ya kijani kilichokolea, kisha wakahamia rangi ya kijivu kwa kuwa kijani kilionyesha sana vumbi la barabara. Ilikuwa nguo nzuri, ya kudumu, na ya watu wenye fundi wao wa kuwashonea.

Wanawake walilipia zaidi ya fedha. Mwezi Septemba 1893 msichana wa miaka 16, Tessie Reynolds, alipanda baiskeli kutoka Brighton hadi London na kurudi kwa muda wa saa 8 na nusu hivi. Magazeti hayakuhangaika sana na mwendo wake. Yalihangaika na suruali yake ya magotini. Miaka mitano baadaye, Oktoba 1898, Lady Harberton, aliyekuwa kiongozi wa chama cha kupigania mavazi yenye busara kwa wanawake, aliingia katika hoteli ya Hautboy huko Ockham akiwa amevaa suruali pana ya kuendeshea baiskeli. Mwenye hoteli akamkatalia kukaa katika chumba cha kahawa, akamwelekeza kule walikokuwa wakinywa wanaume. Kesi ilipelekwa mahakamani mwaka 1899 kwa msaada wa ile klabu ya watalii, na ikashindwa, kwa kuwa alikuwa amepewa mahali pengine pa kukaa. Kila ninapofungua mlango wa mkahawa nikiwa na taiti yangu yenye matope na hakuna anayenigeukia, najua ni nani walionitangulia kugeukiwa, na nawashukuru kwa moyo wote.

Ile taiti nyeusi ya yule mzee ina historia ya peke yake. Miaka ya 1890 polisi wa Uingereza walichoshwa na mashindano ya baiskeli barabarani. Farasi walishtuka, magari ya kukokotwa yaliyumba, na chama kikuu cha mchezo kikaogopa kwamba serikali ingewafukuza waendesha baiskeli wote barabarani. Kikapiga marufuku mashindano ya kundi. Hapo akatokea Frederick Thomas Bidlake na wenzake. Tarehe 5 Oktoba 1895 walifanya mashindano ya maili 50 ambayo ndani yake kila mtu alianza peke yake, mmoja baada ya mwingine, akishindana na saa tu. Walianza alfajiri, njia haikutangazwa, na mavazi yalitakiwa yasionekane: nyeusi kutoka shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Koti lilikuwa jepesi la alpaka, na miguuni taiti nyeusi ya sufu. Mtindo huo ulidumu kwa miongo. Vijana wengi wa Uingereza waliingia katika mbio za baiskeli wakionekana kama watu waliotoka kanisani kwa dharura, na nia ilikuwa ndiyo hiyo, mwanakijiji akiwaona apuuze.

Faida yake ya joto ilipatikana bila kukusudiwa. Sheria iliyowekwa ili kuwaficha wapanda baiskeli iliwapa nguo ya mguu mzima, ya kubana, isiyopigwapigwa na upepo, na ya sufu. Mkato wa taiti ninazozirekebisha leo ni uleule.

Na ile alpaka ilitoka wapi? Titus Salt, mfanyabiashara kijana wa sufu wa Bradford, aliona bandarini Liverpool mwaka 1836 magunia ya manyoya ya alpaka, mnyama wa milima ya Peru, ambayo wengi hawakuyataka kwa sababu hawakujua kuyasokota. Akayanunua na kuhangaika nayo mpaka akapata kitambaa chepesi chenye kung'aa. Utajiri uliotoka humo ulijenga kiwanda kikubwa na mji mzima wa wafanyakazi kandokando ya mto Aire, Saltaire, na kiwanda kilifunguliwa mwaka 1853. Ukuta wake wa mawe ndio ninaoupita asubuhi. Mashine zilinyamaza mwaka 1986, na sasa ndani kuna picha za David Hockney, maduka ya vitabu na watalii. Jengo ni zuri mno, lakini mimi kila nikilitazama nafikiria mikono ya wasichana waliokuwa wakiunga nyuzi zilizokatika.

Sasa nije kwa maskini, maana ndipo hadithi ya bei nafuu ilipo.

Kusini mwa Bradford kuna mji uitwao Batley. Huko, karibu mwaka 1813, Benjamin Law alipata njia ya kuchana matambara ya sufu yaliyochakaa, kuyarudisha kuwa nyuzi, kuyachanganya na sufu mpya kidogo na kuyasokota upya. Kitambaa hicho, shodi, kilikuwa na nyuzi fupi na hakikudumu kama sufu mpya, lakini kilikuwa na joto na mtu wa mshahara mdogo alikimudu. Matambara yalikuja kwa meli na treni kutoka nchi nyingi za Ulaya, yakapigwa mnada Dewsbury, yakachambuliwa na wanawake waliokaa mezani wakikata vifungo na mishono na kutenga rangi kwa rangi. Vumbi lake liliwaingia kifuani, na kulikuwa na homa iliyojulikana kwa jina la kazi hiyo. Majeshi yalivishwa shodi, wachimba makaa walivishwa shodi, na kijana wa kiwandani aliyenunua baiskeli kwa malipo ya kidogokidogo alivaa suruali ya shodi, kwa sababu hakuwa na nyingine.

Nikisoma habari za Batley nafikiria mabelo ya mitumba yanayofunguliwa katika masoko ya Memorial, Gikomba na Owino. Si mfano wa mbali. Nguo zinazokusanywa katika miji hii ya kaskazini mwa Uingereza huchambuliwa mezani vilevile, na sehemu yake hufungwa kwenye mabelo kwenda Afrika Mashariki. Sweta la sufu lililonikinga utotoni Njombe lilikuwa na lebo ya kiwanda cha Uingereza. Watu wetu walijua zamani kwamba nguo iliyotumika huwa imebakiwa na joto lake, na Batley ilijenga uchumi mzima juu ya ujuzi huohuo.

Kuna jambo moja la ufundi lazima nilieleze kwa kituo, kwa sababu ndilo kiini cha joto. Kitambaa hakipashi mtu moto. Hewa iliyonaswa ndani ya kitambaa ndiyo inayohifadhi moto wa mwili wake. Watengeneza sufu wa Yorkshire walijua hilo kwa vidole. Baada ya kufuma, walichukua vichwa vikavu vya mmea fulani wenye vimiiba vilivyojikunja kama ndoana, wakavipanga kwenye fremu na kuvipitisha juu ya kitambaa. Vimiiba vilinyanyua nyuzi ndogondogo, uso wa kitambaa ukawa na manyoya, na ndani ya manyoya hayo hewa ikatulia. Baadaye vimiiba vilibadilishwa kwa magurudumu yenye meno ya waya. Shika taiti yoyote ya baiskeli ya majira ya baridi inayouzwa leo, igeuze, upitishe kiganja ndani. Ule ulaini wa manyoya unaouhisi umefanywa kwa waya, kazi ileile, ingawa uzi sasa ni poliesta. Ndiyo maana nikimwona mtu anakagua taiti kwa nje tu, rangi na nembo, humwambia: igeuze, dada, nguo hii husomwa ndani.

Baiskeli yenyewe ilishuka bei mwishoni mwa karne ya 19, na wafanyakazi wakaingia barabarani kwa wingi. Mwaka 1894, Birmingham, kundi la wasomaji wa gazeti la kijamaa la Clarion walianzisha klabu, na matawi yakaenea kaskazini. Siku yao ilikuwa Jumapili, kwa kuwa siku nyingine zilikuwa za kiwanda. Ikiwa una siku moja tu kwa juma, huahirishi kwa sababu ya baridi. Katika utamaduni huo wa kutoka bila kujali hewa, mtu maarufu kabisa alikuwa W. M. Robinson wa Liverpool, aliyeandika kwa jina la Wayfarer. Mwezi Machi 1919 yeye na wenzake walivuka milima ya Berwyn huko Wales kwa baiskeli, au tuseme pamoja na baiskeli, maana theluji iliwafanya wazisukume na kuzibeba. Makala yake katika jarida la Cycling iliwasha moto kwa vijana wengi. Vazi la watu wa aina yake lilikuwa suruali pana ya sufu iliyoishia chini kidogo ya goti na soksi nene. Sufu hunyonya hadi karibu theluthi ya uzito wake wa unyevu kabla hujajisikia umelowa. Pamba ikilowa hulala juu ya ngozi na kuiba joto. Mtu aliyevuka mlima wa theluji kwa sufu alirudi nyumbani amelowa lakini mzima.

Vita ya Pili ya Dunia ilileta hesabu mpya. Kuanzia tarehe 1 Juni 1941 nguo Uingereza zilinunuliwa kwa kuponi. Mtu mzima alipewa 66 kwa mwaka wa kwanza. Suruali ya sufu ya mwanamume ilikula kuponi 8, na uzi wa kufuma ulitolewa aunsi 2 kwa kuponi 1. Mgao huo haukuondolewa mpaka Machi 1949, maana yake hata ile baridi kali ya mwanzoni mwa 1947, barabara zilipozibwa na theluji kwa wiki nyingi, iliwakuta watu wakivaa viraka. Hapo ndipo ufundi wa nyumbani ulipopata heshima yake. Sweta lililochakaa lilifumuliwa, uzi ukaoshwa, ukanyooshwa na kufumwa soksi ndefu. Ninapoona goti limezibwa na watu wawili tofauti naona nyumba za kizazi hicho, ambamo kutupa nguo yenye tundu moja kulikuwa jambo lisilofikirika.

Na katika kizazi hicho alizaliwa mwanamke ambaye kwangu ni mkubwa kuliko mwanamichezo yeyote wa mkoa huu. Beryl Burton wa Morley, kando ya Leeds, aliugua homa ya baridi yabisi utotoni na akakaa muda mrefu hospitalini; madaktari walimwonya ajiepushe na kazi ngumu. Akaja kuwa bingwa wa dunia mara 7, na bingwa wa jumla wa mbio za saa za wanawake wa Uingereza miaka 25 mfululizo, kuanzia 1959. Mwaka 1967, katika mbio za saa 12, alipita maili 277.25, umbali ambao hakuna mwanamume wa nchi hii aliyekuwa ameufikia. Alipompita Mike McNamara, aliyekuwa akiongoza upande wa wanaume, alimpa pipi.

Haya yameandikwa sana. Ninalolipenda mimi ni kazi yake. Hakulipwa kwa kuendesha baiskeli. Alifanya kazi katika shamba la rubabu la Nim Carline, naye mwendesha baiskeli hodari, pale Morley. Rubabu ni mmea wenye mabua mekundu yenye uchachu, na katika eneo hilo huoteshwa majira ya baridi ndani ya mabanda yenye giza. Mizizi yake ilirutubishwa kwa takataka za viwanda vya shodi. Mabaki ya sufu yanaoza polepole na kutoa chakula cha mmea. Yale matambara ya Batley yakishapita miguuni kwa watu yaliishia shambani, na Beryl Burton akainama juu yake Januari na Februari akibeba mizigo, kisha akapanda baiskeli jioni. Mwanamke aliyezoea tope la shamba wakati wa baridi hakuhitaji kufundishwa jinsi ya kutunza miguu yake barabarani.

Mabadiliko makubwa ya kitambaa yalitoka sehemu tatu, nayo nitayapitia kwa haraka isipokuwa moja. Mwaka 1958 mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, Marekani, alikamilisha uzi unaovutika mara kadhaa ya urefu wake na kurudi. Walikuwa wakitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya mpira katika nguo za ndani za wanawake. Ndio laikra. Miaka ya 1970 washonaji wa Uswisi na Italia waliuingiza katika kaptula za baiskeli, na kabla ya muongo uliofuata kwisha sufu ilikuwa imekaa pembeni. Mwaka 1979 kiwanda cha Malden Mills, mjini Lawrence, Massachusetts, kilitoa flisi: poliesta iliyochanwa manyoya pande zote mbili, nyepesi, inayokauka upesi. Aaron Feuerstein, mwenye kiwanda, hakuiwekea hataza, kwa hiyo kila kiwanda duniani kiliweza kuiga, na bei ikaanguka. Kiwanda chake kilipoungua Desemba 1995 aliendelea kuwalipa wafanyakazi wake waliobaki bila kazi. Huyu ni mtu ambaye kila anayevaa nguo ya joto ya bei ndogo anapaswa kumshukuru.

Sehemu ya tatu ni Roubaix, mji wa sufu kaskazini mwa Ufaransa, ndugu wa Bradford kwa kazi na kwa moshi. Mwaka 1896 wenye kiwanda cha nyuzi wawili wa mji huo, Théodore Vienne na Maurice Perez, walianzisha mbio za kutoka Paris hadi kwao, na mbio hizo hukimbiwa mpaka leo juu ya barabara za mawe. Katika mji huohuo ndugu wa ukoo wa Despature walianzisha nguo za ndani za Damart, na kuanzia 1953 zilitumia uzi wa kiwandani uliofanywa mahususi kwa joto. Damart ya Uingereza iliweka makao yake Bingley, maili chache kutoka Saltaire ukifuata mfereji. Wazee wa vilabu vya hapa walivaa suruali hizo za ndani chini ya kaptula zao bila aibu yoyote, kwa sababu zilikuwa nafuu na zilinunuliwa karibu. Na kitambaa cha laikra chenye manyoya ndani, ambacho ndicho taiti nyingi za leo zimeshonwa nacho, wauzaji hukiita roubaix. Waitaliano ndio waliokitangaza sana, na sasa hufumwa pia katika viwanda vya Asia kwa bei ambayo mimi na wewe tunaimudu.

Basi haya ndiyo ninayowaambia wanaonijia.

Nunua taiti yenye mikanda ya mabegani, isiyo na sponji ya kukalia. Sponji ndiyo inayopandisha bei, ndiyo inayochakaa kwanza, na ndiyo inayolazimisha nguo ifuliwe kila siku. Vaa kaptula yako ya kawaida ya baiskeli ndani, taiti juu yake. Kaptula ndiyo utakayofua, taiti itangoja. Mikanda ni muhimu kwa sababu taiti ya mpira kiunoni huteremka ukiinama, na mgongo wa chini unabaki wazi.

Igeuze uone manyoya. Kisha ivute pale kwenye goti kwa vidole gumba vyote viwili: ikiwa mwanga unapenya na manyoya yanaachana, ni nyembamba au ni ndogo kwako. Nguo iliyovutwa kupita kiasi imefukuza hewa yake. Angalia mishono. Inayofaa imelala bapa, nyuzi zikivuka pande zote mbili. Ile iliyosimama kama ukingo itakukwaruza nyuma ya goti. Pindo la chini liwe na zipu au liwe refu la kutosha kufunika soksi. Kwa bei ninazoziona hapa Bradford, pauni 30 mpaka 40 zinatosha kupata nguo ya namna hiyo, na ya pauni 120 ninayoletewa kurekebishwa mara nyingi imezidi kwa nembo na kwa kitambaa cha kuzuia upepo mbele ya mapaja, jambo zuri lakini si la lazima kwa safari ya saa moja.

Ukiwa na fedha kidogo zaidi, nunua vile vifuniko vya mguu visivyo na wayo, vinavyovaliwa kutoka kifundoni hadi katikati ya paja. Vinavuliwa na kutiwa mfukoni jua likitoka, na pauni 15 hadi 20 zinatosha. Taiti ya kukimbilia riadha nayo hufaa, mradi mshono wa katikati usikae pale unapokalia. Usinunue ya pamba, hata ikiwa ya bure. Sufu ukiipata sokoni kwa mitumba ya hapa, ichukue. Taiti ya sufu iliyozibwa vizuri itazidi umri wa tatu za poliesta.

Weka madigadi kwenye magurudumu yote mawili, kwa sababu mguu mkavu kwenye nyuzi joto 3 una nafuu kuliko mguu uliolowa kwenye nyuzi 8. Fua kwa maji ya baridi kiasi, bila ile dawa ya kulainisha nguo, maana huacha utando juu ya nyuzi na jasho likashindwa kupita. Usianike juu ya kipasha joto. Laikra huvunjika kwa joto kali, na huo uharibifu hakuna fundi anayeweza kuurudisha.

Na usisubiri Novemba, wakati maduka yanajua huna la kufanya. Taiti za baridi hushuka bei kuanzia mwishoni mwa Februari.